Upinde uani: namna ya kujipanga ili mshale usivuke ukuta

Upinde wa rikavu (wenye ncha zilizopinda kuelekea mbele) wa ratili 24, nguvu ya kuvuta ambayo mtu mzima anayeanza anaiweza (ratili moja ni karibu nusu kilo), ukielekezwa juu hurusha mshale zaidi ya mita 100. Kiwanja cha mjini cha futi 50 kwa 100 kina mita 30 toka getini hadi ukuta wa nyuma, na sehemu kubwa imekaliwa na nyumba. Kwa hiyo usitegemee ukubwa wa ua. Tegemea umbali mfupi, shabaha iliyowekwa chini, na utaratibu ambao haubadiliki hata siku uko peke yako.

Nyua nyingine hazifai kabisa, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kununua chochote. Nyumba ya kupanga yenye uani wa pamoja ni mojawapo: kuna bomba, choo, kamba ya nguo na jiko la mkaa, na mtu hutoka mlangoni wakati wowote bila kupiga hodi. Hata wapangaji wote wakikubali, usifanye. Ua wa michongoma au makuti nao haumzuii mtu wala mshale, na mabati membamba yanaweza kutoboka au kuurudisha mshale pembeni usikotarajia. Kama nyuma ya ukuta wako kuna kichochoro, madrasa au uwanja wa watoto, upande huo usielekeze mshale hata siku moja.

Watu wengi hupanga mstari wao kuelekea ukuta wa mpaka kwa sababu ndio uko mbali na nyumba. Mara nyingi ni makosa. Ukuta wa nyumba yako mwenyewe, upande usio na dirisha wala mlango, huwa mrefu kuliko ukuta wa mpaka, una paa juu yake, na waliomo ndani unawajua kwa majina. Hakikisha tu kwamba hakuna mlango wala kona ambayo mtu anaweza kutokea ghafla mbele yako. Ukiwa na kona ya namna hiyo, ifunge kwa kamba na kiti, na mwambie kila aliye ndani.

Hesabu ya umbali

Chukua mfano huu. Umesimama mita 10 toka kwenye shabaha, na ukuta wa mpaka uko mita 2 nyuma yake. Ukuta una kimo cha mita 2.4, na mshale unaanzia usawa wa mdomo, kama mita 1.5 toka chini. Ukiwa umeshavuta, ncha ya mshale ikipanda sentimeta 8 tu kupita usawa wa mkia wake, mshale unavuka ukuta. Sentimeta 8 ni upana wa kiganja bila kidole gumba. Ndicho kiasi ambacho mkono hupanda mtu anaposhtuliwa na honi ya bodaboda.

Sasa sogea mpaka mita 5, ukuta ukiwa mita 7 toka ulipo. Ukifanya kosa lilelile la sentimeta 8, mshale unagonga ukuta sentimeta 20 hivi chini ya ukingo. Tofauti nzima imeletwa na hatua chache za kusogea mbele.

Kwa hiyo wiki za mwanzo piga kutoka mita 5. Baadaye, mishale yako yote ikiwa inaingia kwenye duara la sentimeta 40 siku kumi mfululizo, sogea hadi 7. Kwa ua wa nyumbani tunaona mita 10 ndiyo mwisho. Usione haya kusimama karibu. Mashindano ya ukumbini hupigwa mita 18, na ya rikavu kwenye Olimpiki mita 70, lakini hata wachezaji wa kiwango hicho hurudi mita chache mbele ya shabaha tupu isiyochorwa kitu, wakirekebisha mkono na bega. Mazoezi ya karibu hujenga mkono. Umbali utaukuta klabuni au shambani, penye nafasi ya kutosha.

Shabaha nayo iwe chini. Kitovu chake kikae sentimeta 80 hadi 90 toka ardhini, si usawa wa macho. Mshale utakuwa unashuka kidogo: ukipita juu ya shabaha unaishia sehemu ya chini ya ukuta, ukipita chini unazama udongoni. Weka shabaha pana kuliko unavyodhani unahitaji, angalau mita 1 kwa mita 1, maana anayeanza hukosea kulia na kushoto, juu na chini.

Kizuizi cha nyuma

Usipige mshale ukiwa na ukuta mtupu nyuma ya shabaha. Ncha ikigonga tofali hubonyea, mti wa mshale hupata ufa usioonekana, na mshale wenyewe unaweza kurudi mita kadhaa ukija upande wako. Tundika zulia kuukuu zito, upana wa mita 2.5 hadi 3, kimo angalau mita 2.5, kama mita 1 nyuma ya shabaha. Lining'inie kwenye bomba au boriti, huku sentimeta 50 za chini zikilala ardhini kwa kukunjamana.

Neno la muhimu hapo ni kuning'inia. Zulia lililokazwa kama ngoma hutobolewa. Lililolegea hutikisika, likaumeza mwendo wa mshale. Likiwa jembamba tundika mawili, yaachane kwa sentimeta 10. Wavu wa kuvulia samaki hausaidii, kwani mshale hupenya kwenye macho yake. Nyavu zinazofaa ni zile zilizofumwa kwa kazi hii, na nazo huning'inizwa zikiwa zimelegea vilevile.

Jaribu kizuizi kabla ya kukiamini. Ondoa shabaha, simama mita 5, piga mshale mmoja wa zamani katikati ya zulia, chini. Ukipenya zaidi ya kiganja kimoja upande wa pili, ongeza zulia jingine.

Kutengeneza shabaha ya maboksi

Shabaha za kununua za povu gumu ni nzuri lakini ni ghali kusafirisha. Maboksi ya madukani yanafanya kazi ileile kwa upinde wa hadi ratili 30, mradi uyapange kwa ubavu. Mshale ukigonga uso wa boksi hutoboa tundu, na tundu likigeuka pengo shabaha imekwisha. Ukigonga kwenye kingo za maboksi yaliyobanwa, hupenya kati ya karatasi mbili, msuguano ukausimamisha, na ukiuchomoa karatasi hujifunga tena.

1. Kata maboksi vipande vya sentimeta 100 kwa 30. Ng'oa pini zote za chuma. Utahitaji rundo la kimo cha sentimeta 120 kabla ya kubana.
2. Tafuta mbao mbili za inchi 2 kwa 6, urefu wa sentimeta 125. Toboa kila ubao matundu manne, mawili kila upande, nje ya mahali maboksi yatakapoishia.
3. Pata bolti nne ndefu zenye uzi mwanzo hadi mwisho, milimeta 12, urefu wa mita 1.5, pamoja na nati na washa pana.
4. Panga vipande juu ya ubao wa chini, kimoja baada ya kingine, kingo zikitazama mbele. Weka ubao wa juu, mtu mmoja apande akae juu yake, wewe ukaze nati kwa zamu, kona hadi kona, mpaka rundo lishuke kufikia sentimeta 100 hivi.
5. Kata bolti zilizozidi, kisha zifunike kwa mbele kwa vipande vya kandambili za zamani. Mshale ukigonga chuma hurudi.

Maboksi yakiloa yamekwisha, hivyo juu weka turubai na chini weka matofali mawili. Kila baada ya wiki mbili tatu kaza nati; karatasi hulegea. Katikati ikichoka, geuza nyuma iwe mbele.

Asiye na muda ashindilie matambara kwenye magunia, matatu kwa upana, akikanyaga kila tabaka kwa mguu. Zipu, vifungo vya chuma na bizimu za mikanda viondolewe kwanza. Mchanga usitumie, ingawa upo bure: hupinda mishale na kula ncha. Tairi hurudisha mshale kama mpira, na ubao hung'ang'ania ncha hadi mti wa mshale unavunjika ukiuvuta. Godoro la kawaida mshale hupita kana kwamba hakuna kitu.

Upinde na mishale

Kwa uani chukua rikavu ya kufunguka, yaani yenye mshikio katikati na mbawa mbili za kufunga kwa skrubu, ili nguvu ikitakiwa kuongezwa ubadilishe mbawa tu. Mwanamume mzima aanze na ratili 20 hadi 24, mwanamke 18 hadi 22, mtoto wa miaka kumi na kuendelea 10 hadi 15. Namba iliyoandikwa kwenye ubawa imepimwa ugwe, yaani kamba ya upinde, ukiwa umevutwa inchi 28. Mwenye mikono mifupi hupata pungufu, kama ratili 2 kwa kila inchi. Kompaundi (pinde zenye magurudumu kwenye ncha) za ratili 40 na kuendelea, na pinde za mtambo zenye kifyatulio kama bunduki, ziache nje ya ua. Maboksi hayazimudu.

Watu hujisifia upinde mzito, na huo ndio mwanzo wa ajali. Anayevuta upinde uliomzidi hawezi kuuvuta mkono ukiwa usawa. Huunyanyua kwanza kuelekea angani, kisha huushusha huku akivuta. Ugwe ukimponyoka hapo katikati, mshale unaelekea kwa jirani wa tatu. Kipimo ni rahisi: kama huwezi kuvuta hadi kidevuni huku ncha ikiangalia shabaha tangu mwanzo, ukashikilia sekunde 10 bila kutetemeka, ukaurudisha taratibu, upinde huo si wako bado.

Urefu wa mshale ni suala la usalama kabla halijawa suala la shabaha. Nyosha mikono yote miwili, pima toka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kidole cha kati, gawanya kwa 2.5. Mwenye sentimeta 170 anapata 68, na huo ndio urefu wake wa kuvuta. Anayeanza aongeze sentimeta 5 hadi 7, kwa sababu kadiri mgongo unavyozoea ndivyo anavyovuta zaidi. Mshale mfupi ukivutwa hadi ncha ikaanguka nyuma ya kiegemeo chake, ukifyatuliwa unaingia kwenye mkono ulioshika upinde.

Chembe, yaani vichwa vya mishale, ziwe za mazoezi, zenye ncha fupi ya mviringo. Chembe za kuwindia zenye makali hazina kazi uani: zinachana shabaha, na jeraha lake ni la kisu. Mishale ya zamani ya ukutani kwa babu, hasa iliyotoka Ukambani au kwa Waliangulu, iache hukohuko ukutani. Jamii hizo zilipaka chembe sumu ya msunguti, inayosimamisha moyo, na huwezi kujua kwa macho kama imeisha nguvu. Upinde wa mti uliochongwa nyumbani nao unaweza kuwa mzuri sana, ila nguvu yake haijaandikwa popote; ning'iniza mizani ya ndoano kwenye ugwe, uvute hadi urefu wako, usome kilo kabla ya kuupigia mshale.

Ukaguzi wa kila siku huchukua dakika tatu. Pitisha pamba juu ya mbawa. Ikinasa, kuna ufa au kibanzi. Tazama ugwe toka ncha hadi ncha: uzi mmoja tu ukikatika, badilisha ugwe wote. Pima toka ugwe hadi kina cha mshikio. Kwa upinde wa inchi 68 iwe sentimeta 21 hadi 23. Ikipungua, ugwe umelegea na utakuchapa mkono. Usokote mizunguko michache zaidi. Kisha shika kila mshale wa kaboni kwenye ncha zake mbili, upinde kidogo kuelekea mbali na uso, ugeuze, upinde tena. Ukisikia mlio wa kupasuka, uvunje vipande viwili uutupe, asije mtu akauokota akautumia. Kaboni iliyopasuka hufumka wakati wa kufyatuliwa, na vibanzi vyake huingia mkononi.

Noki, kile kipande cha plastiki cha mkiani chenye mwanya wa kupachikia, iushike ugwe kiasi cha mshale kuning'inia peke yake, na ugwe ukigongwa kwa kidole uanguke. Ikilegea, mshale unadondoka ukiwa umevuta, nawe unafyatua upinde mtupu. Hilo usilifanye hata kwa utani: nguvu iliyotakiwa kwenda kwa mshale inarudi kwenye mbawa, na mbawa hupasuka.

Siku ya kupiga

Funga geti kwa kufuli, kwa ndani. Fungia kuku na mbwa. Anua nguo zilizo karibu na mstari. Waambie walio ndani kwa maneno, wala usidhani wamekuona. Jirani wa upande wa shabaha naye umpigie hodi siku ya kwanza umweleze, umwonyeshe na zulia. Akikusikia unapiga vitu kila jioni bila kujua ni nini, atamwita mjumbe, na atakuwa na haki.

Chora mstari wa kusimamia kwa chokaa. Mita 3 hadi 5 nyuma yake chora wa pili, wa wanaosubiri. Anayepiga ni mmoja kwa wakati. Mishale ibaki kwenye podo mpaka miguu ya mpigaji iwe imekanyaga pande mbili za mstari, na upinde usivutwe ukielekea kokote isipokuwa kwenye shabaha. Mkiwa wawili au zaidi tumieni filimbi kama klabuni: milio miwili kusogea mstarini, mmoja kupiga, mitatu kwenda kuchomoa, mitano au zaidi kusimama hapohapo. Neno "Simama!" linaweza kusemwa na yeyote, hata mtoto wa miaka mitano, na likisemwa mpigaji anarudisha ugwe taratibu bila kufyatua. Fanyeni zoezi hilo la kurudisha kabla ya mshale wa kwanza.

Vaa viatu vya kufunika vidole, kinga ya mkono wa upinde na kinga ya vidole ya ngozi. Mikono mipana ya kanzu ikunjwe, mtandio uingizwe ndani ya nguo, mikufu na hereni ndefu vivuliwe. Ugwe hunasa kila kinachoning'inia.

Kupiga kwenyewe kuna mpangilio mmoja. Simama ubavu. Pachika mshale, unyoya wa rangi tofauti ukitazama nje ya upinde. Vidole vitatu viwe chini ya noki. Kwa umbali wa mita 5 namna hii huuleta mshale karibu na jicho, na mtu hakosei sana. Inua mkono wa upinde hadi usawa wa shabaha tu, vuta kwa mgongo, leta kidole cha shahada kwenye pembe ya mdomo, tulia sekunde mbili, legeza vidole. Mkono wa upinde ubaki hapo mpaka usikie mlio wa maboksi. Anayeushusha mapema kuona alipopiga hupiga chini kila mara, kisha hulaumu upinde.

Mishale mitatu kwa mzunguko inatosha, thelathini hadi arobaini kwa siku ya mwanzo. Mishale ikianza kutawanyika baada ya kuwa ilikusanyika, bega limechoka. Acha hapo, hata kama kuna mwanga.

Kuchomoa na kuhesabu

Nenda kwa kutembea, ukitokea ubavuni mwa shabaha. Mikia ya mishale iko usawa wa tumbo la mtu mzima, yaani usawa wa jicho la mtoto anayekimbilia kuona. Asisimame mtu nyuma ya anayechomoa. Weka kiganja kimoja juu ya shabaha, shika mshale karibu kabisa na maboksi, uvute moja kwa moja. Ukigoma, sugua sabuni kavu kwenye miti ya mishale kabla ya mzunguko unaofuata.

Hesabu kila mzunguko. Mshale uliopotea kwenye majani huteleza chini yake ukalala kama nyoka, na atakayeupata ni mtoto aliye pekupeku. Mmoja ukikosekana, hakuna anayepiga tena mpaka uonekane. Pitisha reki toka kwenye shabaha kurudi nyuma. Ukivuka ukuta, nenda upande wa pili papo hapo, kisha sogeza mstari mbele mita 2 na tafuta kilichousababisha.

Mtu akichomwa, usiuchomoe mshale. Ndio unaoziba mshipa. Uzungushie vitambaa usicheze, mlaze, mpeleke hospitali nao ukiwa palepale.

Ukimaliza, vua ugwe kwa kamba ya kuvishia, si kwa kukanyaga ubawa, unaopinda ukikanyagwa. Pwani unyevu hutia kutu skrubu, zipake mafuta ya cherehani. Ugwe upake nta ya nyuki. Usiache upinde ndani ya gari lililoegeshwa juani, gundi ya mbawa huachia. Upinde uhifadhi chumba kimoja na mishale kabati jingine lenye ufunguo.